Ungepewa Ndege, Ungeruka Katika Vita Gani?

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani)

 

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi kwa shughuli ya kifamilia. Jioni moja nilikaa kwenye benchi nje ya duka la binamu yangu, karibu na stendi, kikombe cha kahawa mkononi. Pembeni vijana wanne walikuwa wanabishana. Nilidhani ni Simba na Yanga kama kawaida. Kumbe sivyo. Mmoja wao, dereva wa bodaboda, alikuwa ametazama kwenye simu yake picha za vita vya zamani, ndege zikifukuzana mawinguni, naye akawatupia wenzake swali: kama ungekuwa rubani wakati wa vita, ungechagua kuruka katika vita gani, na kwa ndege gani?

Majibu yalimwagika. Huyu ndege ya Wajerumani, yule ya Waingereza, wa tatu ya Wamarekani. Mtoto wa binamu yangu, ambaye amemaliza kidato cha sita na anangoja kwenda JKT, yeye alisema bila kusita: "Mimi MiG. Kagera, 1978. Naondoka Mwanza, nampiga Amin, narudi kunywa chai." Wenzake wakapiga makofi. Kisha akanigeukia: "Na wewe, baba mkubwa, ungechagua ipi?"

Nilicheka, nikasema nitajibu kesho. Nilidhani mambo yameisha. Lakini usiku mama yake alinifuata uani, akasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, sema naye. Huyu mtoto hatanii. Ameapa akitoka JKT ataomba jeshini arushe ndege." Hapo ndipo nilipojua kwamba swali la bodaboda lilikuwa limeingia ndani ya nyumba. Nililala nikilifikiri, na leo nakuletea wewe, msikilizaji, hesabu niliyoifanya usiku ule. Nilijiwekea sharti moja tu: nisiende mbali. Nichague vita vilivyogusa nchi yetu au watu wetu.

Nilianza na Rufiji. Mwezi wa Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Unguja, kisha ikaenda kujificha ndani ya matawi ya mto Rufiji. Waingereza walijua imo mle, lakini mikoko ilikuwa mirefu na maji mafupi, meli zao kubwa hazikuweza kuingia. Wakaona dawa ni ndege. Ndege zenyewe, ndugu zangu, zilikuwa vitu vya kuhurumia: miti, vitambaa na waya. Ya kwanza aliirusha raia mmoja kutoka Durban aitwaye Dennis Cutler. Rejeta yake ilipoharibika, ikabidi itafutwe nyingine Mombasa, ya gari la Ford. Joto na unyevunyevu wa pwani yetu vilizilegeza gundi na mbao, na baadhi ya ndege zilizoletwa baadaye zilishindwa hata kunyanyuka kutoka majini.

Mwisho walileta ndege za kuruka nchi kavu, wakatengeneza uwanja kisiwani Mafia. Julai 11, 1915, rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walizunguka juu ya Königsberg. Kazi yao haikuwa kupiga. Walitazama makombora ya meli za Waingereza yanaangukia wapi, kisha wakatuma habari kwa mitambo ya simu ya upepo: ongeza, punguza, kulia, kushoto. Ndege yao ilipigwa, injini ikafa. Basi, huku wanashuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho, na makombora yakaanza kuangukia pale pale. Wao walitumbukia majini wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena Rufiji.

Kisa kitamu, nakubali. Lakini nilijiuliza, ningekuwa narusha ndege kwa ajili ya nani? Ugomvi ule ulikuwa wa mabwana wawili wakigombea nyumba yangu. Wapagazi na wanakijiji waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita vile hawakuulizwa wangependa bwana yupi. Nikaiweka Rufiji pembeni.

Cha pili ni kituko ambacho wengi hatukifundishwi shuleni. Novemba 1917, Wajerumani waliokuwa wakipigana hapa chini ya Jenerali Lettow-Vorbeck walikuwa wameishiwa dawa na risasi. Huko Ulaya wakubwa wao wakaamua kuwapelekea mzigo kwa merikebu ya angani, ile aina ya Zeppelin, dude refu lililojazwa hewa ya hidrojeni. Iliitwa L59. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 21, ikiwa na mzigo wa tani zipatazo 15. Ikavuka bahari ya Mediterania, ikavuka jangwa la Misri, ikafika Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo ikapokea amri kwa redio: rudini, hakuna tena mahali pa kutua. Ikageuka. Ilikaa angani saa 95 bila kutua, ikasafiri kilometa zaidi ya 6,700.

Jambo lililonigusa ni kwamba merikebu ile haikutarajiwa kurudi. Ingefika huku, ingefumuliwa: ngozi yake ishonwe mahema na nguo, injini zake ziwashe mitambo ya umeme. Kuna kitu cha kupendeza katika chombo kilichoundwa ili kigawanywe kwa wenye shida. Lakini hidrojeni ni kiberiti kinachongoja njiti. Aprili 1918, L59 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa. Nikaiweka pembeni nayo, safari hii kwa woga, sioni aibu kusema.

Sasa nakuja kwenye chaguo la mtoto wetu, Kagera. Hapa sisomi kitabu tu, hapa nakumbuka. Mwaka 1978 nilikuwa darasa la tano. Bariadi wakati ule ilikuwa mkoa wa Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na tarehe mosi Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni lake. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alihutubia taifa, akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Mwalimu wetu mkuu aliiweka redio ya betri dirishani, shule nzima tukakaa chini mchangani kusikiliza. Wazee walichanga ng'ombe. Mjomba wangu aliondoka na mgambo. Na mara kwa mara, upande wa magharibi ilipo Mwanza, tulisikia ngurumo ambayo si ya mvua. Tulikuwa tunaacha majembe tunashangilia, ingawa hatukuona kitu.

Kwa hiyo namwelewa kijana. Hata mimi nilitaka MiG. Ni ndege nzuri kwa macho. MiG-21 ilikuwa na injini moja, mabawa ya pembetatu, na mwendo unaozidi mara mbili ya sauti. Lakini hebu tuitazame kazi yenyewe. Chumba cha rubani kimebana kama kabati. Mafuta yake ni machache, hivyo kila dakika ya kutafuta njia ni dakika iliyokatwa kwenye safari ya kurudi. Na ukiona lengo, unalipita kabla hujalielewa. Ndege za Amin zilijaribu tena na tena kulipiga daraja la Kyaka zikashindwa, kwa sababu daraja likitazamwa kutoka juu ni mstari mwembamba tu. Mwishowe Waganda walilivunja kwa baruti, kwa msaada wa fundi wa migodi ya Kilembe. Mtu wa miguu alifanya kilichowashinda wenye mabawa.

Mwisho wa Machi 1979 tulipata somo jingine. Gaddafi alikuwa amemtaka Mwalimu aondoe majeshi yetu Uganda katika muda wa saa 24. Mwalimu akakataa. Ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, bomba kubwa la injini mbili, ikaja kuipiga Mwanza, ikilenga matangi ya mafuta. Ikayakosa. Ikapiga kisiwa cha Saanane, mahali pa kufugia wanyama, ikaua swala. Marubani wetu walijibu kwa kupiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Watu wa Mwanza walicheka sana habari ya swala. Mimi sikucheka sana nilipokua na kuelewa. Ukikosa tangi kwa mwendo ule, unaweza kupiga kisiwa, na unaweza vile vile kupiga soko la samaki. Ilikuwa bahati ya Mwanza, si hesabu.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Kuna habari ya Kagera ambayo vijana wale wa stendi hawakuwa nayo, na niliona ndiyo napaswa kumwambia mtoto wetu. Mwanzoni kabisa mwa vita, Novemba 1978, ndege zetu tatu za kivita zilikuwa zikienda Mwanza. Zilipita Musoma. Askari wetu waliokuwa pale na mizinga ya kutungulia ndege walidhani ni za adui. Wakafyatua. Wakaziangusha zote tatu.

Naomba, msikilizaji, usiwahukumu haraka wale askari. Fanya hesabu pamoja nami. Ndege inayokwenda kilometa 900 kwa saa inakata kilometa 15 kwa dakika moja, yaani meta 250 kila sekunde. Ukiiona ikiwa kilometa tano mbali, una sekunde 20 kabla haijafika juu ya kichwa chako. Sekunde 20! Ndani ya hizo utambue umbo lake, uamue, uelekeze mzinga, upige. Na umbo halikusaidii. Amin alikuwa na MiG, na sisi tulikuwa na MiG. Ndugu wa tumbo moja, wametofautiana rangi na alama ubavuni, na alama ubavuni huioni jua likiwa machoni. Siku chache kabla ya hapo adui alikuwa kweli akirusha ndege kwenye anga yetu. Kila aliyekaa kwenye mzinga alikuwa ameambiwa asilale.

Ndiyo maana majeshi ya dunia, tangu vita kuu ya pili, yalibuni vyombo vya ndege kujitambulisha kwa redio: rada ya chini inauliza, ndege inajibu, mimi ni wenu. Lakini chombo hicho hakina maana kama upande mmoja hauna, au umekizima. Na nyuma ya vyombo vyote kuna njia ya zamani kuliko zote, nayo ni mtu kumpigia mwenzake simu: ndege tatu zinatoka huku, zitapita kwenu saa fulani, zijueni. Maneno kumi tu. Yakifika kwa mwenye mzinga, ndege zinapita. Yasipofika, mnazika watu wenu waliouawa na watu wenu.

Ukiutazama ramani utaona kwamba kutoka Musoma hadi Mwanza kwa ndege ya aina ile ni kama dakika kumi. Njia yenyewe inakwenda sambamba na ziwa, inapita Bunda, inapita Lamadi na Nyashimo, sehemu ambazo leo ni wilaya ya Busega, mkoa wetu wa Simiyu. Dakika kumi nyingine, wangekuwa wametua. Kila ninapopita Lamadi kwa basi, pale njia panda ya kuingia Bariadi, huwa nalitazama ziwa nikiwafikiria vijana wale. Walikuwa wamechagua vita vya haki, wamechagua ndege nzuri, na wanarushia nchi yao wenyewe. Kila jibu la kijana wetu wao walikuwa nalo. Na bado.

Sasa je, ningechagua ipi? Nilibakiwa na vita vya nne. Jirani yetu mmoja Bariadi, marehemu sasa, alikuwa keya wa zamani, aliyepelekwa Burma katika vita vya pili. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia kwamba huko chakula kilianguka kutoka mbinguni, nasi tukadhani ni pombe inasema. Nilipokuja kusoma nilimwomba radhi kimoyomoyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipewa mwaka 1944 kazi ya kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua za masika za kule. Bonde lile lilijulikana kwa malaria. Barabara ziligeuka tope, magari yakazama mpaka mlangoni. Hakuna lori lililoweza kuwalisha maelfu ya watu kwa njia ile.

Waliwalisha kwa Dakota. Ndege hii haina sura ya kupigwa picha. Tumbo nene, injini mbili za kuzungusha panga, mwendo wa kilometa kama 260 kwa saa, haina hata bunduki. Ilibeba tani mbili na nusu hivi. Rubani alipita kati ya milima ndani ya mawingu, akitafuta uwazi mdogo msituni wenye alama. Akishaupata, anashuka chini, anapunguza mwendo, anazunguka mara nyingi, na kila mzunguko wanaume waliosimama kwenye mlango ulio wazi wanasukuma magunia. Vitu vya kuvunjika na risasi vilishushwa kwa miamvuli. Vyakula vingine viliangushwa hivi hivi, vikiwa ndani ya gunia lililotiwa ndani ya gunia jingine, ili la ndani likipasuka la nje lidake. Ni kazi ya hatari, maana unaruka chini, polepole, mahali pamoja, na adui yuko mlimani. Kwa chakula kile askari wetu walisonga mbele, na mapema Desemba 1944 wakaiteka Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Mtu ataniuliza: si ulisema hutaki kurusha ndege kwa ugomvi wa mabwana? Kweli, na Burma pia ilikuwa vita vya mabwana. Lakini gunia lile halikuwa la bwana. Lilimwangukia jirani yangu wa Bariadi, akala, akarudi, akaoa, akazeeka, akatusimulia chini ya mwembe. Kati ya ndege zote nilizozihesabu usiku ule, ni hiyo tu ambayo ninaweza kukuonyesha kwa kidole mtu aliyeishi kwa sababu yake.

Asubuhi kabla ya basi nilimkuta kijana kaamka, ananingoja anibebee begi. Nikamwambia: Dakota. Akacheka kwa mshangao. "Baba mkubwa, ya kubeba magunia?" Nikamwambia ndiyo, ya magunia. Naye, kwa kuwa si mjinga, akanijibu kwamba hata ndege za mizigo hupigwa. Alikuwa amesoma kwamba Aprili 7, 1979, siku majeshi yetu yalipoingia Entebbe, ndege ya mizigo ya Libya ilipigwa roketi ya begani ikijaribu kupaa. Nikamwambia ni kweli. Sikusema ni salama. Nimesema ningejua nimekwenda kufanya nini.

Kisha nikamsimulia habari ya Musoma. Hakuwa ameisikia. Alinyamaza tangu dukani mpaka stendi, na kwa umri wake huo ni mwendo mrefu wa kunyamaza. Sikumkataza jeshi. Nchi inahitaji walinzi, na mtoto wa mwenzako akiwa mlinzi hutamwambia wako abaki nyumbani. Nilimwambia jambo moja tu: huko uendako si wote watapewa ndege. Wengi watapewa simu, daftari, ufunguo wa ghala, zamu ya usiku. Siku ukipewa ujumbe wa kuufikisha Musoma, ufikishe. Usiseme nitapiga baadaye. Usiseme wanajua. Piga, uulize wamesikia, uwafanye wakurudishie maneno yako.

Kwa hiyo, msikilizaji mpenzi, nabadili jibu langu kidogo. Nikipewa ndege, nichukue Dakota, bonde la Kabaw, 1944. Lakini nikiruhusiwa kuchagua chochote, vita chochote, mahali popote, basi niwekeni mezani, Novemba 1978, na simu ya kuzungusha mkono. Sitaki mabawa wala nishani. Nataka niongee na Musoma kwa dakika moja.

Mama wa kijana alinipigia jana. Anasema mwanawe bado anataka jeshi, ila sasa anauliza habari za mawasiliano. Sijui kama nimemsaidia shemeji au nimemharibia. Wewe unaonaje?

Mpaka wiki ijayo, nakutakia kazi njema. Kwaheri ya kuonana.